Mtani Hakasiriki

Simu ilinikuta kwenye foleni ya duka la dawa. Sauti ya mwanamke nisiyemjua ikaniambia kwamba baba yake, koplo mstaafu Mihayo, amefariki nyumbani kwao Tabora, na kwamba kabla hajazidiwa aliagiza watani wake wa Singida wasikose mazikoni. "Na wewe amekutaja, mama. Alisema yule msomi wa hotelini, aliyekuwa ananitazama kama mwizi." Nilitoa pole, nikauliza watazika lini, kisha nikasema nitaangalia, neno ambalo kwetu kila mtu anajua maana yake. Nikanunua dawa yangu ya presha, nikatoka. Nilipofika barabarani niligundua kwamba nimekasirika, tena nimekasirika bila haki, maana marehemu hakusema uongo. Nilimtazama kama mwizi karibu mwaka mzima. Shida yangu ni kwamba sikuwahi kujua kaiba nini.

Ukoo wangu na namna nilivyofika shule tuviache. Vimeshaandikwa kwenye fomu nyingi za serikali na havijamsaidia mtu. Itoshe kusema nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo kikuu kikumbuke kuniita, na kwa kuwa msichana anayesubiri haruhusiwi kusubiri amekaa, nilipelekwa kwa Mama Mkubwa, dada yake mama, aliyekuwa na hoteli katika kimji cha stesheni upande wa reli wa mkoa wetu. Jina la kimji silitaji. Waliobaki huko wanajua kusoma. Hoteli yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili ndefu zilizofunikwa plastiki yenye picha za matunda ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuyaonja, redio juu ya rafu, na nyuma yake jiko la mabati. Kati ya chumba na jiko palikuwa na pazia la khanga kuukuu. Mimi makao yangu yalikuwa nyuma ya pazia hilo, nachambua mchele, nasonga ugali wa mtama, nakoroga mlenda, na kusikiliza. Elimu yangu ya siasa ya nchi hii niliipata pale, na ya chuo kikuu ilipokuja ilikuta nafasi imejaa moshi.

Siku hizi nikialikwa kwenye kongamano kuzungumzia mamlaka ya polisi huwa naanza na katiba, kwa sababu ndiyo heshima. Ningekuwa mkweli ningeanza na mti. Ukichungulia dirisha la jiko la Mama Mkubwa uliona barabara ya kwenda Singida mjini, na juu ya barabara mti mrefu umelazwa, upande mmoja umefungwa jiwe, upande mwingine kamba. Hicho ndicho kilikuwa kizuizi. Ulikuwa mwaka wa ruksa. Redio ilisema biashara ni ruksa. Ilisema asubuhi, ikarudia mchana, jioni ikapiga na muziki. Lakini sheria hazisikilizi redio. Zile za zamani zilikuwa bado zimekaa kwenye makabati yao: alizeti iuzwe kwa chama cha ushirika, zao lisivuke wilaya bila kibali, na kibali kitolewe na ofisi ambayo karani wake alikwenda likizo, akaonja biashara, asirudi. Kwa hiyo kila aliyebeba gunia alikuwa na ruhusa ya mdomo na kosa la maandishi, vyote viwili kwa pamoja, na kati ya mdomo na maandishi alisimama Koplo Mihayo, ameshika kamba.

Alikuwa Mnyamwezi na sisi Wanyaturu, na kati yetu kuna utani uliokuwepo kabla ya reli: sisi kwao ni watu wanaogeuka simba, wao kwetu ni wapagazi wa misafara ya Waarabu. Mchana alikula kwetu. Kabla hajavuka kizingiti ungemsikia: "Mwangaluka, mama wa simba! Leo kuna mboga, au mwanao kageuka usiku akaila?" Mama Mkubwa, bila kugeuka, mwiko mkononi: "Pita, mpagazi. Mzigo wa Mwarabu uache hapo nje usiniletee kunguni. Na uiname mlangoni, ingawa shingo yenyewe iliisha zamani kwa kubeba pembe za ndovu." "Shingo imeisha lakini tumbo lipo, mama wa simba." "Hilo nalo la kuazima. Mwenyewe akija kulidai utatembea mtupu mbele." Watu wakacheka, redio ikashindwa kusikika, na koplo akakaa kona yake chini ya rafu, akavua kofia, akala. Kisha akalipa. Hili la kulipa lilinisumbua sana. Nilikuwa nimetoka shule nikijua kwamba askari anayecheka na wenye magunia lazima ana sehemu anapolipwa, na nilikaa nyuma ya pazia nikisubiri kuiona.

Mwenye magunia niliyekuwa na hofu kwa ajili yake ni Ntandu, mtoto pekee wa Mama Mkubwa, kijana mrefu mwenye meno ya kucheka. Alikuwa ananunua alizeti kwa wakulima wa Mitundu, anaipakia kwenye lori la kukodi, anaipeleka Singida mjini kwa watu waliokuwa wameanza kukamua mafuta uani kwao. Kila safari alikuwa anaweka akiba ili anunue mashine ya kukamua yake mwenyewe. Alishaichagua, kuna fundi alikuwa anamtunzia. Jioni akila alikuwa anatuonyesha kwa mikono jinsi mkono wa mashine unavyozunguka, mafuta yanatokea hapa, mashudu pale, na Mama Mkubwa anasema, "Usizungushe, utanimwagia mchuzi." Lakini nilimwona siku moja, akiwa peke yake jikoni, akizungusha mkono hewani vilevile, polepole. Mipango yote ya nyumba ile ilipita chini ya ule mti, na ule mti uliinuka pale koplo alipopenda.

Na koplo alipenda akichekeshwa. Ntandu angefika amekaa juu ya magunia kama chifu: "Mpagazi, fungua njia! Nimekusaidia kubeba, wewe unanizibia!" Koplo angelizunguka lori polepole, akiyabonyeza magunia kwa kidole. "Hii ni nini?" "Mchanga wa kaburi lako." "Mbona unanukia mafuta?" "Ndivyo mnavyonukia mkifa huko kwenu, sisi tumewahi tu kuandaa." Koplo angecheka mpaka afute macho, akalegeza kamba, jiwe likashuka, mti ukaenda juu. Lakini nilimwona vilevile mzee mmoja mfanyabiashara, mgeni kutoka upande wa Mbeya, mpole, amevaa koti, aliyesalimia vizuri na kueleza vizuri na kuonyesha karatasi alizokuwa nazo, ambazo hazikutosha, kama za mtu yeyote zisivyoweza kutosha. Koplo alimsikiliza kwa adabu kubwa, kisha akamrudisha alikotoka na magunia yake. Yule mzee hakuwa na utani na mtu yeyote kwa umbali wa siku kadhaa za safari. Sheria ilimkuta peke yake.

Nilimwambia Mama Mkubwa kwamba hii si haki. Akaniuliza kama nilitaka Ntandu naye arudishwe ili iwe haki. Makongamano yote niliyohudhuria tangu hapo hayajanipa jibu. Badala ya jibu nikatafuta rushwa, maana rushwa ingerahisisha mambo. Siku moja nilimwona Ntandu akimpa koplo kifurushi cha gazeti nyuma ya hoteli. Nikakimbia jikoni nikihema. "Mama Mkubwa, nimeona kwa macho yangu. Anahonga." Akaweka mwiko chini, akatoka, akarudi. "Ni mbegu za maboga," akasema. "Mke wake ameziomba kwangu. Kama hiyo ni rushwa, mwanangu, mimi nimehonga mkoa mzima." Hadithi hiyo ilitembea kimji kizima kabla ya jua kuzama, na tangu hapo nikipita watu walificha maboga. Ndivyo shaka yangu ilivyopoteza thamani. Nilishaitumia kwa mbegu.

Kuna tukio jingine ambalo lazima nilieleze, kwa sababu bila hilo hakuna atakayeelewa ujinga wetu wa baadaye. Asubuhi moja bendera inapandishwa kituoni, watu wote wamesimama kimya njiani kama ilivyo desturi, punda wa Mzee Hango, muuza maji, akaanza kulia. Alilia tangu bendera ilipoanza kupanda mpaka ilipofika juu. Koplo Mihayo alipiga saluti yake, akamaliza, akageuka, akaenda kumkamata punda. Alimvuta mpaka kituoni, akamwingiza kwenye chumba cha mahabusu, akafunga mlango kwa kufuli. Mzee Hango naye ni Mnyaturu, kwa hiyo alielewa kinachotakiwa: alikwenda kukusanya watu, pombe ya mtama, na wimbo wa kuwatukana Wanyamwezi wote tangu babu yao wa kwanza. Mwenyekiti wa kijiji alisimama kuwa wakili wa punda. Alisema mteja wake ni mzalendo, alikuwa anaimba wimbo wa taifa kwa sauti aliyojaliwa. Mimi, kwa ubishi wa shule, niliuliza punda amewekwa ndani kwa kifungu gani. "Kifungu cha mkia," akasema koplo, na watu wakaanguka kwa vicheko. Jioni punda alikombolewa kwa kibuyu cha pombe. Nilicheka na mimi, lakini niliangalia lile kufuli. Lilikuwa lilelile la siku zote.

Kisha akaja inspekta kutoka wilayani. Alikula kwetu, meza ya kona, na koplo mbele yake amevaa kofia hadi mezani. Nilikuwa nyuma ya pazia na sahani zangu. Inspekta alikuwa mtu wa sauti ndogo, na sauti ndogo hupita vizuri kwenye khanga. Alisema watu wa ushirika wamelalamika kwa wakubwa kwamba alizeti ya mkoa inapita yote na wao wamebaki na maghala ya popo. Alisema, "Kizuizi kisicho na kesi ni mti tu, koplo." Koplo akasema wananchi wanasikia redioni biashara ni ruksa. Inspekta akatafuna, akameza. "Redio haikupi cheo wala haikuvui. Nataka mmoja. Hata mmoja tu, wa mfano, aende wilayani na magunia yake." Niliyapeleka maneno hayo kwa Mama Mkubwa kama yalivyo. Akasema mainspekta huja, hula, hulalamika chumvi, huondoka. Nikampelekea Ntandu. Akaniuliza, "Na maboga je, hakuyataja?"

Ilikuwa siku ya gulio, kwa hiyo barabarani palijaa. Lori la Ntandu lilifika kwenye kizuizi asubuhi jua likiwa bado la kupendeza, yeye juu ya magunia, na tayari watu walikuwa wamesogea kusikiliza, kama wanavyosogea kwenye ngoma. "Mpagazi!" akaita. "Mti huu ni kitanda chako au? Inuka tupite!" Koplo Mihayo alitembea mpaka kwenye lori. "Shuka," akasema. "Nishuke nikubebe?" "Shuka, Ntandu. Nakuweka ndani." Watu wakapiga vigelegele. Ntandu aliruka chini, akapiga magoti katikati ya barabara, akanyoosha mikono kama mtuhumiwa wa maigizo, akalia kilio cha punda. Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Koplo akamfunga pingu. Dereva naye akaambiwa ageuze lori, alipeleke uani kwa kituo, na dereva akageuza huku akipiga honi ya harusi. Tukaandamana wote. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mbele, tayari anatengeneza koo la uwakili. Mama Mkubwa alitoka jikoni na mwiko wake, akauelekeza kwa koplo, akaimba kwa Kinyaturu mambo ambayo siwezi kuyatafsiri nikiwa na akili zangu, na kina mama wakaitikia.

Koplo hakujibu. Hilo ndilo nililoliona, na ndilo nililomwambia Mama Mkubwa nikimvuta khanga katikati ya ule wimbo: hajibu. Ametukanwa mpaka babu yake na hajajibu hata neno. Kofia ameivaa sawasawa. "Anajikaza asicheke," akasema. Nikamwambia hapana, Mama Mkubwa, mtazame. Nikamkumbusha inspekta. Akasimama, akanitazama kwa huruma, jasho linamtoka kwa furaha. "Mwanangu, shule imekukausha kabisa. Nenda kawashe moto, nichemshe mtama, huyu mpagazi leo atataka kombozi kubwa." Nikamwendea mwenyekiti, nikamwambia, baba, tafadhali, ingia ndani uulize dhamana. Mwenyekiti akageukia watu akatangaza: "Mnasikia? Msomi anataka kumwekea punda dhamana!" Wakacheka upya. Nami nimefikiria sana kicheko kile. Dhamana ya Ntandu ilikuwa imesimama palepale kituoni, ina kofia ya mkeka na muhuri wa kijiji mfukoni, na ilikuwa inacheka.

Kwa hiyo hakuna aliyeomba, hakuna aliyelia, hakuna aliyekimbilia kwa katibu kata, hakuna aliyelala mbele ya lori. Tulirudi hotelini kupika. Mama Mkubwa alichinja jogoo, akasema punda alitoka kwa pombe lakini mtoto wake si punda. Wakati nyama inachemka treni ya kwenda upande wa wilayani iliingia stesheni, ikapiga honi, ikaondoka. Ni treni ya kila siku, hakuna aliyegeuka. Mchana ukafika, tukajipanga tena na masufuria vichwani na nyimbo. Kituoni tulimkuta konstebo mmoja anafagia. Akaangalia masufuria, akaangalia Mama Mkubwa, akainamisha kichwa. "Mama, wameshaondoka. Wamempeleka na treni. Koplo amekwenda naye." Mlango wa mahabusu ulikuwa wazi. Mtu mmoja nyuma, aliyechelewa kufika, alikuwa bado anaimba, na aliendelea kuimba kwa muda, peke yake, mpaka wakamgusa bega.

Kesi nilihudhuria na Mama Mkubwa. Sitaieleza sana, haikuwa na mengi. Koplo Mihayo alisimama kizimbani mwa mashahidi akasema alimkuta mshitakiwa na magunia ya alizeti bila kibali, na ilikuwa kweli. Aliulizwa kama mshitakiwa alileta ubishi, akasema hapana, alijitoa mwenyewe, akanyoosha mikono. Hiyo nayo ilikuwa kweli. Hakimu alisoma sheria vizuri. Sheria ilikuwepo, siwezi kumlaumu kwa kuisoma. Mimi nilimtazama Mama Mkubwa kuliko nilivyomtazama hakimu. Alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, amevaa gauni la kanisani, na uso wake ulikuwa na tabasamu dogo la mtu anayesubiri wenzake wamalize. Mpaka kifungo kinatajwa, mpaka Ntandu anageuzwa na kupelekwa mlango wa pembeni, alikuwa bado anasubiri mtu mmoja acheke ili wote waruhusiwe. Tukarudi hotelini. Tulipofika alivua gauni, akafunga khanga, akawasha moto.

Halafu mvua zikanyesha, na kabla mahindi hayajatoa mbelewele serikali ikaandika kile ambacho redio ilikuwa imesema. Alizeti ikawa halali. Malori yakapita chini ya mti yakiwa na magunia yaleyale kutoka mashamba yaleyale ya Mitundu, na Ntandu akiwa ndani, kwa sababu sheria mpya hairudi nyuma kufungua milango iliyofungwa na sheria ya zamani. Hilo nililifundishwa baadaye chuoni, na likawa swali la mtihani. Nilipata alama nzuri.

Koplo alikaa muda mrefu bila kuja hotelini. Alipokuja alikuja asubuhi, hakuna wateja, amevua kofia tangu barabarani. Nilikuwa nyuma ya pazia, na safari hii sikujifanya nafanya kazi. Hakuita kwa Kinyamwezi. Alisema, "Mama Ntandu, nataka unielewe. Niliambiwa nipeleke mmoja. Lazima mmoja. Ningemchukua Mgogo mwenye magunia, ana ndugu hapa, ningekuwa na maadui mpaka nahama. Yule mzee wa Mbeya nilishamrudisha zaidi ya mara moja; ningemfunga, angeozea huko bila hata mtu wa kumpelekea sabuni. Nililala na neno hilo, nikaamka nalo, nikatafuta nani. Nikaona nimchukue wa kwangu. Mtani hakasiriki." Mwaka mzima nilitafuta amelipwa wapi, na sasa nilisikia bei yenyewe: alimchagua Ntandu kwa sababu sisi ndio tuliokuwa tumekatazwa na desturi yetu kumchukia. Na bado hata leo sina hakika. Huenda alisema ukweli. Huenda aliyatafuta maneno hayo baadaye, kama tunavyofanya sisi waandishi. Na asubuhi ile ya gulio, alipotuacha tuimbe, je, alikuwa hana la kusema, au alijua kwamba kucheka kwetu ndiko kutakakomfikisha Ntandu kwenye treni bila fujo? Nimemhoji kichwani mara nyingi, na yeye, kama kawaida yake ya siku ile, hajibu.

Mama Mkubwa alifuta meza yote, mpaka kwenye kona. Kisha akasema, "Nimekuelewa, afande."

Hakuwahi kumwita afande. Nadhani koplo hakulisikia neno lile siku ile. Alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, akaagiza chai. Aliletewa chai nzuri, kikombe kisicho na ufa. Kesho yake alirudi mchana na sauti yake ya zamani: "Mwangaluka, mama wa simba!" Na Mama Mkubwa akageuka, akaacha mwiko, akafuta mikono. "Karibu, afande. Habari za kazi? Maji ya kunawa haya hapa." Akammiminia maji mwenyewe, amepiga goti kidogo, kama mgeni wa serikali. Akamwekea paja la kuku. Akasimama mbali, mikono mbele, kama kuna kitu kitahitajika. Watu waliokuwa wanasubiri matusi walitazama sahani zao. Hakumkasirikia, ningeapa mbele ya mahakama yoyote. Alimpa heshima, na hakumpa kingine chochote.

Ilienea bila kuagizwa. Mzee Hango akawa anamwamkia koplo na kuvua kofia. Mwenyekiti wa kijiji alijifunza kusema "mheshimiwa." Kwenye kizuizi watu walisimama, wakashuka, wakatoa karatasi walizokuwa nazo, wakanyamaza. Nilikuwa namwona dirishani akiyazunguka malori polepole, akibonyeza mzigo. "Hii ni nini?" "Ni mkaa, afande." "Mbona unanukia...?" Na anasubiri, na mwenye mkaa anatazama chini. Sitaki kuipamba hali ile. Mwanamke mmoja wa mkaa, jirani yetu, alikamatwa kweli wakati huo kwa kukosa kibali cha misitu. Siku za nyuma angemwita mpagazi mara moja akapita. Alipotoka alisema mbele yangu kwamba heshima ya Mama Ntandu ni ghali kwa watu wengine. Alikuwa na haki. Koplo alibaki na sheria peke yake, na alikuwa hajui kuishika isipokuwa kwa kuachia yote au kukaza yote.

Ntandu alirudi siku chache kabla ya mimi kwenda chuo. Alikuwa amenyolewa, na meno yake ya kucheka alikuwa ameyafungia ndani. Mezani, alipotaka kuinuka, aliomba ruhusa. Mama yake akasema, "Inuka, mwanangu," na akainuka. Ile mashine fundi alishaiuza. Hakuizungumzia, na mikono yake aliiweka magotini.

Kesho yake koplo akaja. Alikuja saa ya chakula, hoteli imejaa, na nadhani alifanya makusudi. Mkononi alikuwa na kopo kubwa la asali, asali nyeusi ya kwao, ameifunga mdomo kwa majani mabichi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mtani akivuka mpaka analeta faini yake mbele za watu. Mwenye kukosewa anaipokea, anamtukana mpaka aridhike, watu wanacheka, na jambo limekwisha, halisemwi tena. Wateja waliacha kutafuna. Ntandu alikuwa mlangoni pa jiko, kando yangu, na nilimsikia anapumua. Koplo aliweka asali mezani mbele ya Mama Mkubwa, akarudi hatua nyuma, akainamisha shingo yake fupi. "Mama wa simba," akasema, "nimekuja. Nitukane."

Mama Mkubwa alifungua majani taratibu bila kuyachana, akanusa. "Ni nzuri," akasema. "Karibu ukae, afande." Akamvutia benchi. Akamletea chai, akachukua kijiko, akachota asali kwenye lile kopo, akaishika juu ya kikombe. "Kimoja kinatosha, au nikuongezee?" Koplo alimtazama, kisha akatazama watu, mmoja mmoja, kama anatafuta atakayeanza. Hakuna aliyeanza. Akakaa. Akasema kimoja kinatosha. Mama Mkubwa akakoroga, akafuta kijiko, akafuta mdomo wa kopo, akalifunga upya kwa majani yaleyale na kulisogeza karibu na kofia yake. Koplo alikunywa ile chai yote, ikiwa ya moto. Alipomaliza alilipa, akavaa kofia, akatoka haraka bila kutazama mezani.

Alikuwa ameshafika barabarani Mama Mkubwa alipomfuata mpaka kizingitini, kopo mikononi, mikono yote miwili, kama inavyotakiwa unapompa mtu kitu kwa adabu.

"Afande," akaita. "Afande, umesahau asali yako."